Binti Anataka Kusomea Mambo ya Kale

Mtoto wa kike akimaliza shahada ya kwanza, wazazi hujiona wamevuka mto. Kilichobaki ni kazi na, Mungu akijalia, harusi. Kwa hiyo binti yetu aliposema anataka kuendelea na shahada ya uzamili, tena ya kuhifadhi urithi wa utamaduni, nyumba ilinyamaza. Baba yake akamwuliza, "Mama, tuuze mahindi ili ukasomee magofu?"

Hapa Masanze fedha ya mahindi haina mchezo. Na kanisani wenzangu waliniuliza kwa upole kama huko si kuwarudisha watoto kwenye mizimu.

Nilimwomba anieleze atakachojifunza. Mimi ni muuguzi, na alivyozidi kueleza nilizidi kuitambua kazi yangu.

Alinipa mfano wa Laetoli, kule Ngorongoro. Mwaka 1978 kikundi cha mtafiti Mary Leakey kilikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano. Wataalamu wanakadiria umri wake kuwa zaidi ya miaka milioni tatu na nusu. Mwaka 1979 nyayo zilifukiwa ili jua na mvua visiziharibu. Nia ilikuwa njema, lakini udongo uliotumika ulikuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota na mizizi ikaanza kupenya chini. Muuguzi yeyote atanielewa: hicho ni kidonda kilichofungwa kwa bendeji isiyo safi.

Katikati ya miaka ya 1990, wataalamu wa Tanzania na wa taasisi ya Getty ya Marekani walifukua tena. Waliondoa mizizi kwa uangalifu, wakapiga picha na kupima, kisha wakafunika upya kwa udongo uliochekechwa, vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi, na mawe juu.

Hayo ndiyo masomo yenyewe: kutafuta chanzo kabla ya kutibu, kuandika kila unachofanya, na kutogusa kisichohitaji kuguswa. Ukuta wa zamani wa chokaa, ukipigwa lipu ya saruji, hupendeza kwa nje huku unyevu ukifungiwa ndani na kuula. Na kazi hii ina hatari zake. Jumba la Beit al-Ajaib la Zanzibar, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Mapenzi ya mambo ya kale peke yake hayatoshi. Ni lazima mtu asome.

Wala si lazima aende Ulaya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya akiolojia na masomo ya urithi, inayofundisha hadi ngazi ya uzamili na zaidi.

Kuhusu mizimu, niliwakumbusha wenzangu kitabu cha Yoshua. Mungu aliagiza mawe kumi na mawili yatolewe katika Yordani, ili watoto wakiuliza maana yake, wazazi wawe na la kujibu. Kutunza kumbukumbu si kuiabudu. Vitabu vyetu vya ubatizo navyo ni urithi, na sisi wa Kilosa tunakumbuka mafuriko ya mto Mkondoa ya mwaka 2009 kuingia 2010. Kitabu kikilowa, usikianike juani wala kubandua kwa nguvu kurasa zilizogandana. Kiweke kivulini penye upepo, kikauke taratibu.

Sikumficha binti yangu kwamba ajira za fani hii si nyingi kama za uuguzi. Alijibu kwamba analijua hilo. Baada ya kuomba na kuzungumza, mimi na baba yake tulikubaliana kulipa ada ya mwaka wa kwanza. Chakula na malazi atajitafutia kwa kufundisha masomo ya ziada. Baba yake bado ana mashaka, lakini mahindi yameuzwa.

Mama mwenzangu, mwanao akitaja fani usiyoijua, usiicheke kabla ya kumwuliza inatibu nini.