Ngoma na Jirani

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ilitungwa kwa ajili ya vyombo vya baharini, lakini mimi niliijua maana yake juu ya nchi kavu, katika chumba cha ghorofani mjini Nairobi, kwa kuunda ngoma. Msomaji, nataka kukusimulia habari ya kazi hiyo. Sikusimulii kwa kuwa mimi ni fundi hodari, bali kwa kuwa nilikosea mara nyingi. Na katika makosa yale mna faida ambayo ningependa uipate kwa bei rahisi kuliko ile niliyolipa mimi.

Nilikuwa na seti ya ngoma za mbao, za kupigwa kwa vijiti, kama zile uzionazo katika bendi na makanisani. Kwa mapenzi niliyokuwa nayo, nilivipa vipande vyake majina ya ngoma za pwani: ile kubwa ipigwayo kwa mguu niliiita vumi, na ile ndogo ya sauti kali niliiita chapuo. Nilizipiga kila alasiri. Chini yangu aliishi mama mmoja muuguzi, mfanyakazi wa zamu ya usiku. Siku moja alipanda ngazi, akabisha hodi, akaniambia, "Mwanangu, mimi hulala mchana ili niweze kukesha na wagonjwa usiku. Ngoma zako zinaniamsha." Hakugomba, wala hakunitishia kwa mwenye nyumba. Laiti angaligomba, ningalipata udhuru wa kugomba nami. Lakini upole wake uliniacha sina la kusema. Nilimwahidi ya kuwa nitazinyamazisha ngoma zangu bila ya kuziacha.

Ahadi ilikuwa nyepesi kinywani, nzito mikononi. Njia niliyoichagua ni kuzigeuza ziwe ngoma za elektroni. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha ya kuwa fuwele za namna fulani zikibanwa hutoa umeme. Siku hizi tabia hiyo hutumiwa katika kidude bapa, chembamba, mviringo kama sarafu: bamba la shaba lililopakwa udongo maalumu wa kauri juu yake, na nyaya mbili zimelehemiwa. Kigonge kwa ukucha, nacho kitatoa umeme kidogo. Kigonge kwa nguvu, kitatoa mwingi. Kidude hiki ndicho sikio la ngoma ya elektroni.

Basi niliondoa ngozi za plastiki, nikaweka ngozi za wavu uliofumwa kwa nyuzi, ambazo kijiti hudunda juu yake lakini hewa hupita, kwa hiyo hazivumi. Wazo hili si langu. Kampuni ya Roland ya Japani iliuza ngoma za wavu tangu mwaka 1997. Chini ya kila wavu niliweka kipande cha sponji, na chini ya sponji kile kidude cha shaba. Nilikuwa na ngoma 7 na matoazi 5. Ngoma 3 kati yake nilizitilia sikio la pili ukingoni, na kanyagio la matoazi ya jozi nililitilia sikio lake. Yote yakawa masikio 16. Waya zote zilikwenda kwenye kibao kimoja chenye matundu 16 ya kupokea ishara. Kibao hupima kila pigo, hulipa daraja kutoka 1 hadi 127, kisha huipelekea habari tarakilishi, nayo hutoa sauti masikioni mwa mpigaji peke yake. Habari hiyo haina budi kufika upesi. Ikichelewa sehemu 10 tu katika 1,000 za sekunde, ni kama ngoma iko mbali nawe zaidi ya mita 3. Ikichelewa zaidi ya hapo, mkono na sikio huanza kutengana.

Nililehemu kwa majuma kadha. Vipande vyote nilivifunga juu ya kiunzi kimoja cha mabomba ya chuma, kikubwa, kizuri, kilichozunguka kiti changu mfano wa ua. Siku nilipokaa kupiga nilijiona mfalme. Nikakanyaga vumi, vumi likalia, na toazi la kulia likalia nalo ingawa hakuna aliyeligusa. Nikapiga chapuo, ngoma mbili za jirani zikaitikia. Kiunzi kizima kilijibu kila pigo kama nyumba yenye watoto wengi wasiojua nani ameitwa.

Katika kibao mna kipimo kiitwacho kizingiti: pigo lililo chini yake halihesabiwi. Nikakipandisha. Toazi likanyamaza, nikafurahi. Lakini furaha yangu haikudumu, kwa maana yale mapigo mepesi, yale ambayo kijiti hugusa tu kama mtu anong'onaye, yalikwisha kabisa. Sikuponya ugonjwa, niliziba masikio. Hata hivyo nilijidanganya ya kuwa kazi imekamilika.

Siku ya tatu hodi ikabishwa tena. "Mwanangu," alisema mama yule, "sauti imekwisha, nashukuru, lakini kishindo kingalipo." Moyo wangu ulichafuka. Nilikuwa nimetumia akiba yangu yote na usingizi wangu, na chumba changu kilikuwa kimya hata mtu aliweza kusoma gazeti karibu yangu. Nilidhani mama huyu amezoea kulalamika. Nilimjibu kwa ukavu ambao hata leo naukumbuka kwa haya: "Mama, ngoma hizi hazina sauti." Hakukasirika. Akasema, "Basi mwache mpwa wako akanyage, wewe shuka ukae kwangu."

Nilishuka. Nilikaa juu ya kiti kando ya kitanda chake, mapazia yamefungwa, na sare yake ya kazi imetundikwa ukutani tayari kwa usiku. Kisha dari likaanza: du, du, du. Hapakuwa na ngoma wala toazi; ulikuwa mdundo mtupu, kama mtu atwangaye kinu juu ya kichwa changu. Kila kanyagio lilipopigwa, kikombe mezani kililia katika kisahani chake. Nilikaa dakika chache tu nikataka kutoka. Yeye alikuwa amekaa majuma. Nilimwomba radhi, naye akanipa chai.

Pale ndipo nilipofahamu jambo ambalo hakuna kitabu kilichonifundisha. Sauti ina njia mbili. Ya kwanza ni hewa, na hiyo nilikuwa nimeifunga. Ya pili ni vitu vilivyoshikana: mguu hupiga kanyagio, kanyagio huisukuma sakafu, na sakafu yangu ndiyo dari ya mwenzangu. Nilikuwa nimetafuta kosa mahali nilipokaa mimi, kumbe lilikuwa likisikika mahali alipokaa yeye.

Nilikwenda kwa seremala, nikatengenezewa jukwaa la mbao mbili pana, moja juu ya nyingine. Ubao wa chini ulitobolewa matundu, na katika kila tundu ukakaa mpira wa tenisi, mipira 24 kwa jumla. Ubao wa juu ukalala juu ya mipira bila kugusa wa chini wala ukuta. Kishindo kikishuka, mipira hubonyea na kukimeza sehemu kubwa. Nikashuka tena kusikiliza, safari hii kwa hiari yangu. Palibaki mguso hafifu. Nikaongeza zulia zito, nikashuka mara ya tatu.

Niliporudi juu nilikitazama kiunzi changu kwa macho mapya. Bomba la chuma lilikuwa sakafu, na matoazi yalikuwa majirani wa ghorofa ya chini! Nilitoa kanyagio la vumi nikalisimamisha peke yake, mbali na mabomba. Kila mahali kipande kilipofungwa kwa chuma nikatia kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu. Kisha nikashusha kizingiti kidogo kidogo, na yale mapigo ya kunong'ona yakarudi. Baadaye niliona ya kuwa sikio lililo katikati ya ngoma husikia pigo la katikati kwa ukali kuliko la ukingoni. Nikaliondoa, nikaweka matatu kandokando. Kazi ya kuunda ilikuwa ya majuma. Kazi ya kurekebisha imekuwa ya miaka, na haijesha.

Msomaji, huenda wewe hutaunda ngoma kamwe. Lakini utaunda kitu: nyumba, shamba, chama, au maisha yako mwenyewe, na kila utakachounda kitashikana na cha mwenzako mahali usipopaona. Ukiambiwa kishindo kingalipo, usijibu kwa haraka kama nilivyojibu mimi. Teremka ngazi kwanza, uketi pale alipo mwenzako, usikilize.