Karatasi ya Mji wa Kilwa

Nyumbani kwetu mna karatasi moja ya kale iliyokaribia kutugombanisha mimi na mwanangu. Ilitolewa katika kitabu cha miji ya dunia cha Georg Braun na mchongaji Franz Hogenberg, ambacho juzuu yake ya kwanza ilipigwa chapa katika mji wa Köln, Ujerumani, mwaka 1572. Juu pana picha ya Aden. Chini yake zimepangwa Mombasa, Kilwa na Sofala. Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa baharia, aliinunua Ulaya akatuachia.

Mwanangu anajifunza uchoraji. Siku hizi wako wasanii ambao huzikata ramani za kale, wakazibandika ubaoni pamoja na nguo, uzi, mchanga na rangi, zikawa picha mpya. Yeye naye alitaka kuifanya hivyo karatasi yetu. Nilipokataa alinijibu kwa adabu: "Baba, imekaa sandukuni miaka mingi wala hakuna aitazamaye. Ikiwa picha ukutani, itatazamwa kila siku." Maneno yake yalikuwa na haki ndani yake, nami sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Kabla hujashika mkasi, twende tukauone mji wenyewe."

Tulisafiri hadi Kilwa Masoko, na asubuhi tukavuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani. Mwanangu alichukua nakala ya karatasi ile. Kitu cha kwanza kilichotupokea ni Gereza, ngome iliyo ufukweni, ambayo sehemu ya ukuta wake imeliwa na mawimbi. Wareno walijenga ngome kisiwani humo baada ya Francisco de Almeida kuuteka mji mwezi wa Julai, mwaka 1505. Mwanangu akahesabu: tangu mwaka huo hata kupigwa chapa karatasi yetu ni miaka 67. Kumbe wasomaji wa Köln walionyeshwa mji uliostawi, hali ya kuwa neema yake ilikwisha vunjika!

Kisha tukauingia Msikiti Mkuu, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nguzo zingali zimesimama, na baadhi ya makuba yangali juu yake. Ibn Battuta alifika mji huu mwaka 1331, akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri, akamsifu na Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake. Tulisimama kimya pale waliposwali watu wa zama zile, nakala yetu mkononi. Wala hapana mstari mmoja ndani yake ulioweza kutuonyesha kivuli na ubaridi wa mahali pale.

Tulipotoka, mwanangu aliokota kigae kidogo chenye rangi ya samawati, akakitia mfukoni, akisema kitafaa kubandikwa katika picha. Mzee aliyetutembeza akamwambia kwa upole, "Mjukuu wangu, kirudishe. Kila mgeni akichukua kimoja, watakaokuja wataonyeshwa nini?" Magofu hayo yamo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, lakini mzee hakutaja sheria, aliuliza swali tu. Mwanangu akakirudisha pale pale alipokiokota.

Katika mashua hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, "Baba, karatasi yetu ni kama kigae kile." Nami nikakiri kosa langu, kwani amana haihifadhiwi kwa kufichwa tu.

Tuliporudi, karatasi ya asili tuliitia katika fremu ya kioo, tukaitundika mahali pasipofika jua. Picha tukaifanya kwa nakala. Tuliipaka chai ya rangi iliyopoa ili ipate sura ya ukale, na ilipokauka tukaibandika ubaoni kwa gundi ya unga wa ngano, tukiisugua kwa kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa isibaki chini yake. Wino wa mashine nyingine huyeyuka. Basi jaribuni kwanza kwa kipande kidogo. Kuta za Kilwa tulizipaka chokaa iliyochanganywa na gundi. Bahari ni kipande cha kanga kuukuu ya mama yake. Kisha mwanangu alishona uzi wa zari kutoka Sofala kwenda Kilwa, na kutoka Kilwa kwenda Aden, kwani dhahabu ya Sofala ndiyo iliyoitajirisha Kilwa.

Mama yake aliuliza kama mna sura za watu katika kitabu kile. Nilimweleza kuwa Braun aliandika katika dibaji yake kwamba sura za watu zilizochorwa mbele ya miji zingewazuia Waturuki wasiyatumie mafunzo yake vitani, kwa kuwa dini yao yakataza sura. Alicheka sana, akasema, "Basi hakujua kuwa kitabu chake kingefika nyumbani kwetu!"

Enyi vijana, mikono yenu ina kazi nzuri ya kufanya. Mkipata karatasi ya kale, ipigeni nakala, mkate nakala mpendavyo. Na ikiwezekana, nendeni mkauone mji wenyewe kabla hamjaanza kukata.