Kula kwa Dola Chache Mjini Singapore

Singapore ni kisiwa kidogo kilicho kusini ya Malaysia, karibu na ikweta, nacho ni mji unaojulikana duniani kwa bei zake kali. Mume na mke waliodunduliza fedha za likizo hushtuka wafikapo huko, waonapo bei ya chumba cha kulala. Wengine hudhani ya kuwa, kwa kuwa chumba ni ghali, chakula nacho kitawashinda. Fikira hiyo si sawa. Chakula ambacho wenyeji hujivunia hakimo katika hoteli kubwa, bali kimo katika masoko ya wachuuzi, na humo tajiri na maskini huketi meza moja.

Masoko hayo hayakuota yenyewe kama uyoga. Zamani wachuuzi walipika kandokando ya barabara, pasipo maji safi, na takataka zao zikatupwa katika mifereji. Singapore ilipata uhuru wake mwaka 1965, na miaka michache baadaye serikali ikawaandikisha wachuuzi wote. Tangu mwaka 1971 ikaanza kuwajengea kumbi zenye paa, mifereji ya maji na umeme, na kufika mwaka 1986 wachuuzi wa barabarani walikuwa wamekwisha kuhamishiwa humo. Leo kumbi hizo ni zaidi ya 100. Mchuuzi hakufukuzwa mjini. Alipewa mahali pa kufanyia kazi yake.

Mume na mke wapendao kula vizuri kwa fedha kidogo yafaa waanze siku kwa mkate uliochomwa juu ya moto, uliopakwa siagi na jamu ya mayai, sukari na tui la nazi. Huliwa pamoja na mayai yaliyochemshwa kidogo na kikombe cha kahawa nzito yenye maziwa matamu ya kopo.

Wakati wa adhuhuri na waende Chinatown, katika ukumbi wenye vibanda vya chakula zaidi ya 200. Hapo hupatikana wali wa kuku, chakula kilicholetwa na watu wa kisiwa cha Hainan, China. Kuku huchemshwa polepole, kisha mchele hupikwa kwa supu yake, pamoja na tangawizi na kitunguu saumu. Sahani moja huuzwa kwa dola 4 hadi 6 za Singapore. Siku ya pili waweza kupanda treni mpaka soko la Tekka, mtaa wa Wahindi, wale biriani. Au waende Geylang Serai, kwa Wamalay, ambako wali hupikwa kwa tui na kuandaliwa na dagaa wa kukaanga, karanga, yai na pilipili. Mtu wa Mombasa au Lamu akionja wali huo hatajiona mgeni. Jioni kuna mishikaki midogo ya kuku au kondoo, iliyochomwa kwa makaa na kuchovywa katika mchuzi wa karanga.

Ni vema kila mmoja anunue sahani yake kutoka kibanda mbali, kisha wagawane, ili waonje vyakula viwili kwa bei ya kimoja kila mtu. Wakifanya hivyo, watu wawili waweza kula mara tatu kwa siku bila ya kupita dola 40.

Lakini kila nchi ina desturi zake. Mgeni akiona pakiti ya karatasi laini juu ya meza tupu, asidhani imesahauliwa. Mwenyewe ameiweka kuonyesha ya kuwa kiti kina mtu, naye yuko kibandani akingoja zamu yake. Tena kila mtu hana budi kurudisha sinia na vyombo vyake baada ya kula. Tangu mwaka 2021 asiyefanya hivyo aweza kutozwa faini. Mwislamu naye atazame cheti cha halali kilichobandikwa kibandani, kwa sababu vibanda vingi vya Kichina huuza nyama ya nguruwe.

Sifa za wapishi hao zimefika mbali. Mwaka 2016 kitabu cha Michelin, ambacho huwapa nyota wapishi walio bora, kilivipa nyota vibanda viwili vya Singapore. Mwaka 2020 UNESCO iliandika utamaduni wa wachuuzi hao katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Hata hivyo sifa haiwashi jiko. Wapishi wengi wamekwisha kupita umri wa miaka 50. Huamka kabla ya alfajiri, husimama mbele ya moto mchana kutwa, na faida yao kwa kila sahani ni ndogo. Vijana wengi waliosoma huchagua kazi ya ofisini. Bei ya mchele na kuku ikipanda, mchuuzi huogopa kuongeza hata nusu dola, maana wateja hunung'unika. Basi urahisi anaoufurahia mgeni hulipwa kwa jasho la mzee aliye nyuma ya sufuria. Mume na mke wakipata chakula kizuri hapo, wasimpunje kwa maneno ya kuwa bei imezidi, bali wamshukuru, na kesho warudi kununua tena.