Picha Pana, Picha ya Karibu, na Mwenzetu Mmoja



Sisi tunaokuandikia ni mafrateri wa mwaka wa pili wa falsafa, wengi wetu tukiwa na miaka 25 au karibu na hapo. Jumuiya yetu ina kamera moja. Ni ya zamani kidogo, ina lenzi ya kawaida ya milimita 18 hadi 55, na tulipewa na mfadhili ili tupige picha za jarida hili. Stendi ya miguu mitatu hatuna. Kila picha yetu hupigwa kamera ikiwa mkononi. Kwa kukosea mara nyingi tumejifunza namna mbili za kupiga picha za mandhari na viumbe ambazo wengi husema zinahitaji stendi: picha pana inayoungwa kutokana na picha nyingi, na picha ya karibu ya kiumbe kidogo. Leo tunapenda kukueleza namna hizo mbili, na pia kukiri kosa tulilolifanya siku tuliyokuwa tukizipiga.

Wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula tulikwenda Lushoto, katika milima ya Usambara. Ukitoka Mombo barabara inapanda kwa kona kali, unapita Soni, na hewa inaanza kuwa ya baridi. Kesho yake asubuhi tulitembea kwa miguu kwenda kwenye mwamba wa Irente, tukisali rozari njiani. Tulikuwa tisa. Kwenye fumbo la tatu tukagundua tuko wanane.

Mwenzetu mmoja alikuwa amebaki nyuma, amechuchumaa kando ya njia, kamera usoni. Juu ya kitawi, kimo cha goti, alikuwepo kinyonga mwenye pembe mbili puani, wa aina inayopatikana katika milima ya Usambara Magharibi. Wengi hatukujua wakati huo kwamba kundi la vinyonga hao lina jina la kisayansi lililotoka katika lugha yetu: mwaka 2006 wataalamu waliunda jenasi mpya na kuiita Kinyongia.

Tulirudi kumwita. Akatuomba tusimkanyagie majani, akaendelea. Huyu ndiye alikuwa fundi wetu wa picha za karibu, na tulichojua juu ya kazi hiyo tulikijua kwake. Alitufundisha kwamba ukisogea karibu sana na kitu, sehemu inayoonekana kwa ukali huwa nyembamba mno, milimita chache tu. Ukilenga jicho, ncha ya pembe inafifia. Ukilenga pembe, jicho linakuwa ukungu. Kwa hiyo yeye hupiga picha nyingi: huweka fokasi mahali pamoja, halafu huinamisha mwili mbele polepole sana huku akibonyeza, ili ukali upite kwanza kwenye ncha ya pembe, kisha kwenye jicho, kisha kwenye shingo. Baadaye huziunga kwenye kompyuta, akichukua kutoka kila moja ile sehemu iliyo safi. Viwiko hubanwa kwenye mbavu, goti moja huwa chini, na pumzi hutolewa taratibu. Kasi ya shata haishuki chini ya 1/250 ya sekunde, maana kwa karibu hata mapigo ya moyo hutikisa picha.

Kinyonga naye hutembea akiyumba, mbele na nyuma, kama jani linalopeperushwa. Kila akiyumba, picha zote za mfululizo ule zinaharibika. Mwenzetu alianza upya, na akaanza upya tena. Jicho moja la kinyonga lilikuwa likitazama lenzi, na lingine likitutazama sisi tuliosimama nyuma tukilalamika. Tulisubiri kama dakika arobaini. Mmoja wetu akasema, "Frateri, umeoa huyo kinyonga?" Tukacheka. Yeye hakucheka, wala hakukasirika.

Tulifika Irente karibu na saa sita. Tulisali Malaika wa Bwana tukiwa juu ya mwamba. Chini kabisa kilionekana kijiji cha Mazinde, kisha mistari ya mashamba ya mkonge, na barabara ya kwenda Moshi ikiwa nyembamba kama uzi. Mbele yake nyika ya Umasai ilienda mpaka ikachanganyika na mbingu. Lenzi yetu haiwezi kuchukua mandhari hiyo kwa picha moja bila kuifanya ionekane ndogo na ya mbali. Tukaamua kupiga picha pana, na wenzetu wasimame kwenye mwamba ili ukubwa wa mahali uonekane.

Ukitaka kujaribu, fanya hivi. Shika kamera wima, ili upate nafasi ya kutosha juu na chini. Acha kuitegemea kamera ikuamulie: chagua mwanga mwenyewe kwa kupima sehemu angavu ya anga, na uache vipimo hivyo hivyo kwa picha zote, la sivyo anga litakuwa na viraka. Weka fokasi kwa mbali, kisha uizime isijibadilishe. Chagua rangi ya mwanga wa jua na uiache hapo. Simama nyayo zikielekea katikati ya mandhari, ugeuke kiunoni kuanzia kushoto, ufanye mazoezi mara moja bila kubonyeza. Kila picha ipandiane na iliyotangulia kwa theluthi moja hivi, kwa sababu programu ya kuunga hutafuta vitu vinavyoonekana katika picha zote mbili, na mahali pasipopandiana hakuna wa kuziunga. Kabla ya kuanza piga picha ya kiganja chako, na ukimaliza piga kiganja tena, ili baadaye ujue mfululizo unaanzia na kuishia wapi.

Kuna hatari moja zaidi. Inua kidole mbele ya uso, funga jicho moja, halafu lingine: kidole kinaruka mbele ya ukuta. Lenzi nayo ikihama kutoka mahali pake, vitu vya karibu huruka hivyo hivyo mbele ya vitu vya mbali. Kwa hiyo usiizungushe kamera mbali na mwili kwa mikono iliyonyooka. Iweke karibu nawe, na ujitahidi lenzi yenyewe ibaki mahali pamoja huku wewe ukiizunguka. Mandhari ya mbali husamehe makosa madogo. Mwamba ulio hatua mbili mbele yako hausamehi.

Tulihitaji picha tisa. Kamera ilikuwa mkononi mwa mmoja wetu, na wengine wakapangana kwenye mwamba. Tulipofika picha ya sita, fundi wetu wa vinyonga alitoka mahali alipowekwa, akaanza kuja kwetu. Tukampigia kelele, karibu wote kwa pamoja: "Simama hapo hapo, utaharibu picha!"

Akasimama. Tukamaliza saba, nane, tisa, kiganja. Mawingu yalikuwa yanakuja, tukafurahi kwamba tumewahi. Hakuna aliyemuuliza alikuwa anakuja kusema nini.

Mwisho wa muhula walezi wetu hutuomba kila mmoja aandike maneno machache juu ya wenzake. Ni sehemu ya malezi, na ni jambo jema likifanywa vizuri. Tulipokuja kuambiana baadaye, tuligundua kwamba wanne kati yetu tuliandika juu yake neno lile lile: "anajitenga". Mmoja alitaja kabisa ile rozari ya njiani. Juma lililofuata mwenzetu alifunga sanduku lake akarudi nyumbani. Hakufukuzwa. Aliomba mwenyewe, na Gombera alitutangazia kwa maneno ya heshima baada ya Masifu ya Jioni. Kiti chake mezani kilibaki wazi siku mbili, kisha tukasogeleana.

Ilikuwa wakati wa likizo tulipoziunga zile picha tisa kwa Hugin, programu ya bure. Anga lilikaa vizuri, nyika ikakaa vizuri. Lakini mahali picha ya sita inapokutana na ya saba palikuwa na nusu mtu: mguu mmoja, bega, na uso unaopenya kama moshi. Katika picha ya sita alikuwa anatembea. Katika ya saba alikuwa amesimama, hatua mbili mbele. Programu haikujua imwamini yupi.

Tulimpigia simu kumweleza, tukidhani atacheka, na kweli alicheka. Kisha akasema, "Nilikuwa nakuja kuwaambia kwamba nimeamua kuondoka. Nilitaka ninyi mjue kwanza, kabla ya Gombera. Mkaniambia nisimame, nikasimama." Tukauliza kwa nini hakusema jioni ile. Akajibu kwamba ujasiri ule alikuwa nao mara moja tu, pale kwenye mwamba.

Darasani tulikuwa tumesoma kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, kwamba Mungu anajua vyote kwa mara moja, pasipo kutoka jambo moja kwenda jingine, lakini akili ya binadamu hujua kwa kuunganisha na kutenganisha, hatua kwa hatua. Tulijibu swali hilo kwenye mtihani na wengi tulifaulu. Na bado tulimchukua ndugu yetu kwa picha moja, ile ya mtu aliyechuchumaa kando ya njia wakati wengine wanasali, tukaiandika na kuisaini. Hatukukosa muda. Tulikula naye meza moja kwa miaka miwili. Tulikosa ile theluthi ya kupandiana: tulikaa bega kwa bega naye bila kuwa na jambo ambalo sisi na yeye tulilitazama pamoja. Angalau kinyonga yule tungeweza kumtazama naye.

Hatujui kama neno letu lilikuwa na uzito wowote katika uamuzi wake. Yeye anasema hapana. Tumewaeleza walezi tulichokiandika na jinsi tulivyokiandika, na muhula huu, kabla ya kuandika, kila mmoja wetu anakwenda kwanza kuzungumza na yule anayemwandikia.

Ilibaki kuamua juu ya picha. Hugin inakuruhusu kuchora eneo na kuiambia programu ichukue sehemu ile kutoka picha ipi. Tungeweza kumfuta kabisa, mandhari yangebaki safi. Tungeweza kumchukua kutoka picha ya saba, amesimama kama tulivyomwamuru. Tulichukua ya sita. Hiyo ina gharama yake, maana kamera ilikuwa imehama kidogo, na sasa kwenye mwamba wa mbele kuna mshono unaoonekana, ufa umekatika ghafla. Fundi yeyote wa picha atauona.

Picha hiyo ipo ukutani bwaloni. Karibu nayo tumetundika ya kinyonga, aliyotuachia kwenye kadi ya kamera: kutoka mfululizo wa picha nyingi alizopiga asubuhi ile, tatu tu ziliungana. Ncha za pembe ziko safi, na jicho liko safi. Wageni wakituuliza yule anayekuja kwetu kwenye mwamba ni nani, tunawaambia jina lake, na kwamba alikuwa na jambo la kutuambia.