Ruhusa Niliyoitoa kwa Kidole Kimoja

Agosti mwaka jana nilikosa mzigo wa omena kwa sababu ya neno nililolibonyeza mwezi wa Aprili. Neno lenyewe ni Ruhusu. Nalisema wazi leo kwa kuwa yaliyofuata niliyaficha miezi minne, na miezi yote hiyo nilibeba aibu isiyokuwa yangu.

Mimi ni mama wa omena, soko la Kibuye, Kisumu. Mzigo wangu hutoka Usenge na Wichlum, upande wa Bondo, na mara nyingine hapa karibu Dunga. Asiyeijua biashara hii ajue kwamba ni biashara ya usiku. Omena huvuliwa wakati wa giza la mwezi: wavuvi huelea na taa juu ya maji, samaki huufuata mwanga, wavu huwazunguka, na alfajiri mashua hurudi ufuoni. Hapo mtu wangu huniandikia: mabeseni mangapi, bei gani, akina mama wangapi wamekwisha kujipanga. Nikijibu upesi, mzigo ni wangu, nao huanikwa kwa jina langu. Nikichelewa, unamwagwa kwenye wavu wa mwenzangu. Kwa hiyo simu yangu haiko mbali na mto ninapolala. Ndiyo inayolisha nyumba.

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Ni miezi ya njaa kwetu, miezi ya kuuza sukumawiki na kuhesabu siku. Katika miezi hiyo, jioni moja, binti yangu wa kidato cha nne aliniomba nimtafutie karatasi za mitihani ya kemia ya miaka iliyopita. Niliandika maneno aliyoniambia, nikafungua ukurasa wa kwanza uliojitokeza. Palikuwa na duara linazunguka, na chini yake maandishi: bonyeza Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Nilidhani huo ndio mlango wa kuingilia. Nikabonyeza. Karatasi za kemia hazikuonekana. Nilisukumwa hadi ukurasa mwingine ulioniuliza vilevile, nikabonyeza tena, na tena, hadi mtoto akasema, “Mama, acha, nitaazima kwa mwenzangu.”

Usiku ule simu ikaanza kulia.

Kwanza niliambiwa simu yangu ina virusi 13 na kwamba picha zangu zote zitafutika. Kisha kwamba kuna mkopo wa shilingi 50,000 unaonisubiri. Kisha kwamba kifurushi changu kimekwama na nilipie kidogo kiachiliwe. Ujumbe mwingine ulikuja na alama ya kijani na kengele, mtu angeapa umetoka kwa kampuni ya simu. Na baada ya siku kadhaa zikaja picha za wanawake walio uchi.

Hizo picha ndizo zilizonifunga mdomo. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu. Tulikuwa tumeketi kwa mwenzetu Manyatta, nimewafungulia wanachama hesabu ya michango kwenye simu, vichwa vimeinama kusoma, mara ikateremka picha ile kutoka juu ya kioo. Hakuna aliyesema neno. Mama mmoja, mkubwa wetu kwa umri, aligeuza uso akatazama dirishani. Nilitaka kusema sikuiita, sijui imetoka wapi, lakini kila sentensi niliyoitunga kichwani ilisikika kama uongo wa mtu aliyeshikwa. Nikaizima simu na kumaliza hesabu kwa kukariri.

Tangu siku hiyo nilijitibu kwa siri, na kila dawa niliyoitumia ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Nililipa shilingi 500 kwa programu ya kuua virusi, niliyoipata kwa kubonyeza ujumbe mmojawapo wa hao hao waliokuwa wakinitisha. Nilibadilisha laini, nikadhani wameipata namba yangu. Mwisho nilimpelekea fundi mmoja. Alichukua shilingi 1,000 akaifuta simu yote ikawa kama imetoka dukani. Namba za wateja zilipotea, na picha za mazishi ya mama yangu zilipotea, hizo sitazipata tena. Kwa juma moja palikuwa na utulivu. Kisha nikaurudia ukurasa ule ule kumtafutia binti yangu karatasi zake, duara likazunguka, nikabonyeza Ruhusu. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ugonjwa uliingilia hapo.

Uvuvi ukafunguliwa Agosti. Simu ilikuwa ikilia saa saba usiku, saa nane, saa tisa, hata usingizi ukawa vipande vipande. Usiku mmoja nikachoka, nikaondoa sauti kabisa. Alfajiri mtu wangu wa Usenge aliniandikia mara tatu na kupiga mara mbili. Niliamka jua limekwisha kuchomoza. Omena ya kwanza baada ya miezi minne ya kufungwa, nyeupe, safi, ilikuwa imekwenda kwa mwingine. Jumapili hiyo, siku ambayo Kibuye hujaa watu kutoka kila upande, niliketi mbele ya meza yenye masalia ya zamani. Mteja wangu wa miaka mingi, mwenye hoteli, alipita akaninunulia gorogoro moja kwa kunihurumia, kisha akaenda kujaza gunia kwa jirani. Mpaka sasa hununua kule.

Jioni hiyo binti wa kaka yangu alikuja kutusalimia. Anasoma Maseno. Simu ilikuwa mezani, ikalia mara nne tukinywa chai. Nikaifunika kwa kitambaa. Akaniuliza taratibu, “Shangazi, hizo ni zile za virusi na mikopo?”

Nikanyamaza.

“Na zile picha mbaya?”

Machozi yakanitoka mbele ya mtoto niliyembeba mgongoni. Akavuta kiti karibu. “Shangazi, hata mama ya rafiki yangu zilimwingia. Hujatembelea pabaya. Kuna mahali ulibonyeza Ruhusu, basi. Simu yako haina virusi.”

Nawaandikia kwa sababu ya maneno hayo. Alinieleza kwamba kivinjari, ile programu tunayofungulia kurasa za intaneti, huweza kuipa tovuti ruhusa ya kukutumia arifa hata kama ukurasa wenyewe umekwisha kuufunga. Chrome ilianza kuwa na uwezo huo mwaka wa 2015, Firefox mwaka uliofuata. Nia ilikuwa njema: gazeti likujulishe habari, barua pepe ikuarifu imefika. Walaghai wakaona hapo pana pengo. Hawahitaji kuivunja simu yako wala kujua namba yako. Wanahitaji kidole chako mara moja tu. Ndiyo maana laini mpya haikunisaidia kitu, na ndiyo maana hiyo habari ya roboti ni uongo mtupu: kitufe cha Ruhusu hakithibitishi kwamba wewe ni binadamu. Kinakubali arifa, hakina kazi nyingine.

Nilimuuliza wanapata faida gani kwa kunitisha. Akasema hulipwa kila mtu anapobonyeza ujumbe na kufikishwa kwa mwenye tangazo, awe muuza programu bandia, mchezo wa kamari au mtu anayetaka akupokonye namba ya siri ya M-Pesa. Mwaka wa 2019 Mozilla, watengenezaji wa Firefox, walieleza kwamba katika uchunguzi wao takriban asilimia 99 ya maombi ya arifa hayakukubaliwa na watumiaji. Mwaka wa 2020 Firefox na Chrome zikaanza kuyaficha maombi hayo yasiwarukie watu usoni. Lakini biashara ya walaghai hawa haihitaji watu wote. Inaishi kwa yule mmoja katika mia, aliyechoka, anayemtafutia mtoto karatasi za mtihani usiku.

Kisha akaniwekea simu mkononi. Hakufanya yeye, aliniambia nifanye mimi. Nilipouteremsha ujumbe mmoja na kuushikilia kwa kidole, jina la tovuti iliyoutuma likajitokeza, jina la herufi zisizosomeka ambalo sijapata kulisikia. Tukafungua Chrome, vile vitone vitatu vya pembeni juu, Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Hapo nikaona orodha ya wote niliowaruhusu. Walikuwa 11. Nilimgusa mmoja mmoja na kumzuia, na kila nilipomzuia nilimtaja jina kwa sauti, kama mtu anayewatoa wageni nyumbani. Halafu tukazima pale juu kabisa, ili tovuti yoyote isiweze hata kuomba. Programu ya virusi niliyoinunua tukaiondoa. Namba ya siri ya M-Pesa nikaibadilisha usiku huo huo, kwa kuwa sikuwa na hakika niliandika nini wapi katika ile miezi.

Kazi nzima haikuzidi muda wa kunywa kikombe cha chai, nami nilikuwa nimepoteza shilingi 1,500, picha za mazishi na mteja.

Kitu kimoja alichonieleza mpwa wangu sikukijua. Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inasema ridhaa ni ile iliyotolewa wazi, kwa hiari, kwa jambo mahsusi, na mtu akiwa ameelezwa anachokubali. Tena aliyeitoa anaweza kuiondoa wakati wowote. Nilimwomba arudie. Miezi minne nilijiona mkosefu, na sasa nilikuwa nimejua kwamba nilibonyeza mwenyewe. Kumbe aliyeambiwa athibitishe kwamba si roboti hakuridhia picha za uchi wala vitisho. Aliyedanganya ndiye mwenye kosa, hata kama kidole kilikuwa changu.

Kikao kilichofuata cha chama nilisimama. Niliwaambia yote, kuanzia kemia hadi Usenge. Nilipomaliza, yule mama mkubwa aliyetazama dirishani akafungua kibeti, akatoa simu yake bila neno, akaniwekea mapajani. Ilikuwa na tovuti nyingi kuliko yangu. Mwingine akasema mumewe alimpiga maswali majuma mawili kwa picha kama zile. Mwingine alikuwa ameacha kabisa kuingia intaneti, simu ya maelfu ya shilingi anaitumia kupokea simu tu. Jioni ile hatukuchanga mapema. Tulizunguka na simu mikononi, tukizuia.

Siku hizi, Jumapili soko likipungua, akina mama huja mezani kwangu na kuniambia, “Dada, nitolee hizi.” Siwatolei. Nawashikisha wenyewe, kama nilivyoshikishwa, kwa maana aliyetolewa na mwingine atabonyeza tena. Najua, ilinipata baada ya fundi. Na usiku simu yangu inalala na sauti wazi. Juma lililopita ililia saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, mara moja tu: mabeseni 20, Wichlum, bei nzuri. Nilijibu kabla sijawasha taa.

Ninyi vijana mnaosoma Maseno, Nairobi, Eldoret, kokote, mnaorudi nyumbani likizo: msisubiri mama aseme, kwa kuwa hatasema. Mwombeni simu. Kaeni naye mezani, fungueni orodha ile ya arifa pamoja, na mwambieni kabla ya lolote kwamba hajatembelea pabaya.