Barua kutoka Leipzig: Anayemuuguza Mama

Ndugu zangu wa Unguja,

Huku Saxony tunajiandaa kwa mapumziko ya Novemba, siku ya toba ya Waprotestanti. Majimbo mengine ya Ujerumani yaliifuta 1995, nchi ilipoanzisha bima ya kuwatunza wazee na wasiojiweza. Waajiri walilalamikia michango, wakafidiwa kwa siku moja zaidi ya kazi kila mwaka. Saxony ikagoma, ndiyo maana sisi tunakatwa zaidi: mwaka 2025 asilimia 2.3 ya mshahara, mwajiri 1.3, wakati kwingineko ni nusu kwa nusu. Asiye na mtoto huongezewa 0.6, eti mwenye watoto amekwisha kuleta wachangiaji wa kesho. Kumtoza tasa kwa utasa wake! Hilo halijaniingia.

Lakini makato hayo yana kazi. Jirani yangu anamuuguza mama yake nyumbani. Alipoomba msaada, alikuja mkaguzi: bibi anaoga mwenyewe? Anapanda ngazi? Usiku analala? Majibu hupewa alama, na alama humweka mtu daraja la 1 hadi la 5. (Wenyewe hutaniana kwamba siku ya ukaguzi wazee hujipamba na kuapa kuwa wanaweza kila kitu, huku binti akitikisa kichwa nyuma yao.) Bibi huyu yuko daraja la 3: euro 599 kwa mwezi, naye humkabidhi binti. Zaidi ya hapo, bima humlipia binti michango ya pensheni yake mwenyewe, mradi ahudumie angalau saa 10 kwa wiki na kazi yake ya nje isizidi saa 30.

Si peponi huku. Makao ya wazee yanamla mkaazi karibu euro 3,000 kwa mwezi, baada ya bima kutoa sehemu yake. Wengi huajiri wanawake wa Poland wanaolala humo humo kwa mzee, saa zao za kazi hazijulikani mwanzo wala mwisho. Na mama zao kule kwao, anawageuza nani kitandani?

Zanzibar tangu 2016 tuna pensheni jamii kwa kila aliyefika miaka 70, bila kuulizwa kama aliwahi kuajiriwa. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na ni jambo la kujivunia. Ila hela hiyo ni ya mzee. Dada aliyeacha biashara yake ya vitumbua ili amwogeshe mama tunamwambia atapata radhi. Atazipata, inshallah, lakini akifika uzeeni, miaka ile ya kuuguza haimo katika daftari lolote. Nasi wa ughaibuni tunatuma pesa za dawa na pampasi, tunajiona tumemaliza.

Kwa hiyo kwenye mchango wa ukoo mwezi ujao naomba tuongeze fungu moja, kwa jina la dada anayemuuguza mama, liingie kwenye mpango wa hiari wa ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Kaka zangu wa Dubai na Muscat, nawatazama nyinyi kwanza.