Kondoo Mmoja, Kondoo Kumi

Wanafunzi wengi niliowafundisha Kiingereza wamenijia na malalamiko yale yale. Wasema, "Mwalimu, lugha hii ni kigeugeu. Leo twaambiwa ya kuwa wingi wa jina huonyeshwa kwa herufi ya s mwishoni, kama 'book' na 'books'. Kesho twaambiwa 'foot' huwa 'feet', na 'sheep' haligeuki hata kidogo." Siwalaumu. Lakini kadiri nifundishavyo, ndivyo nionavyo ya kuwa mambo wanayoyastaajabia ugenini wanayo kwao nyumbani, ila hawajayatazama.

Tuanze na huyo 'sheep'. Sisi twasema kondoo mmoja, kondoo kumi. Je, neno limegeuka? La, limekaa vile vile. Wala hapana apoteaye, kwa kuwa maneno ya jirani hutuambia hesabu: kondoo wangu amepotea, kondoo wangu wamepotea. Ndivyo ilivyo kwa nyumba hii na nyumba hizi. Mwingereza naye hufanya hivyo: 'this sheep is', 'these sheep are'. Tofauti moja ni kubwa. Tendo la Kiswahili karibu siku zote huchukua alama ya yule atendaye, mmoja au wengi. Tendo la Kiingereza, likisimulia mambo yaliyopita, mara nyingi haliichukui. Hapo msomaji hana budi kuwa na subira.

Subira hiyo niliiona faida yake kwa macho yangu. Mzee mmoja wa kijijini kwetu alikuwa na kondoo sita, nao ndio waliotegemewa kwa karo ya mjukuu wake. Kiangazi kilipokuwa kikali, akawapeleka walishwe pamoja na mifugo ya shamba moja la mbali lenye maji. Baada ya mwezi ikaja barua fupi ya Kiingereza kutoka kwa karani wa shamba. Kijana wa kwanza aliyepewa kuisoma aliona 'The sheep died on Friday', akasema bila kukawia, "Babu, kondoo wamekufa Ijumaa." Mzee akaketi chini asiseme neno.

Mjukuu wake akaiomba barua ile, akaisoma polepole mpaka sentensi ya pili: 'I have kept its skin for you.' Akasema, "Babu, aliyekufa ni mmoja. Sentensi ya kwanza haielezi kama ni mmoja au ni wengi. Lakini ya pili yasema 'its skin', yaani ngozi yake. Haisemi ngozi zao." Mzee akamwuliza, "Una hakika, mwanangu?" Akajibu, "Ninayo, babu. Neno lenyewe dogo, lakini ndilo lenye hesabu." Juma lililofuata mzee alikwenda mwenyewe, akawakuta kondoo watano wakila majani. Mjukuu akaendelea na masomo yake.

Sasa labda utauliza, mbona majina mengine ya Kiingereza hayafuati s kama wenzake? Sababu yake ni ya kale. Kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilikuwa na njia nyingi za kuonyesha wingi. Baadaye njia ya s ikazishinda nyingine. Hata hivyo majina machache yalikataa kuhama: 'men', 'feet', 'teeth', 'mice', 'oxen', 'children'. Yatazame vizuri. Ni majina ya watu, ya viungo vya mwili, ya viumbe vya nyumbani na zizini. Neno litumikalo kila siku hushika desturi yake. Litumikalo mara chache hufuata mkondo wa wengi. Hilo 'children' lina wingi mara mbili. Zamani wingi wake ulionyeshwa kwa r. Kisha watu wakaongeza 'en' juu yake, kama mtu avaaye kofia juu ya kofia.

Tena wako Waingereza waliotengeneza umoja usiokuwapo. Kale walisema 'pease', nalo lilikuwa jina la umoja. Katika karne ya 17 watu wakaidhani sauti ile ya mwisho kuwa ni ya wingi, wakaikata, wakapata 'pea'. Usiwacheke. Neno letu kitabu latoka katika Kiarabu, na hiyo ki yake ni sehemu ya mzizi. Mswahili alipolisikia alilipanga pamoja na kiti na kisu, akasema vitabu, na leo hapana alionaye ajabu.

Yako pia majina ya vitu visivyohesabika, kama 'water', 'milk' na 'rice'. Hapo tulipo na mpunga shambani, mchele ghalani na wali sahanini, Mwingereza ana 'rice' tu. Sisi twaweza kusema mashauri mawili. Yeye hasemi hivyo, husema 'two pieces of advice'. Neno 'news' laishia kwa s, lakini ni umoja: 'The news is good.' Nywele zote za kichwani ni 'hair', lakini akiuona unywele mmoja ndani ya mchuzi wake, huo ni 'a hair'. Nasi tuna ajabu yetu: maji huvaa vazi la wingi, maji haya, hata yakiwa tone moja, wala hapana aliyepata kuhesabu maji manne.

Mwisho ni majina ya makundi. Mwaka 1486 kilipigwa chapa kitabu katika mji wa St Albans, Uingereza, chenye orodha ndefu ya majina hayo: kundi la simba ni 'pride', la mabata bukini ni 'gaggle'. Sisi tuna bumba la nyuki, tita la kuni, na mkungu wa ndizi wenye chane zake. Kwetu kundi la ng'ombe limepita, lakini ng'ombe wamepita. Mwingereza aweza kusema 'the committee has decided', akiiona kamati kama mtu mmoja, au 'the committee are quarrelling', akiwaona wajumbe kila mtu na neno lake. Wamarekani hupendelea umoja.

Basi, mwanafunzi, ukikutana na jina la kigeni usilitazame peke yake. Tazama na majirani zake, mbele na nyuma, kabla hujalieleza kwa mtu anayekutegemea. Na uichunguze lugha ya mama yako kwa bidii ile ile, kwa kuwa asiyejua kwa nini asema nyumba hii na nyumba hizi atataabika sana kuelewa kwa nini wengine wasema 'this sheep' na 'these sheep'.